Mwongozo Kamili wa Kufufua Jiliwa la Mguu: Springi, Pingu, Kabari na Mpini vya Kutengeneza kwa Mkono

Mafundi wanaoniandikia kuhusu jiliwa la mguu, ambalo wengi karakanani huliita vaisi ya mhunzi, hukwama mahali pale pale. Springi mpya hukatika siku ya kwanza, bamba la kufungia hulegea baada ya mapigo machache ya nyundo, na nati ndefu huharibikia motoni wakati mwenyewe alidhani anaikwamua.

Makosa mengi kati ya haya yana mzizi mmoja: fundi hutengeneza kipuri kigumu kwa vipimo vya kukisia, kisha hulilazimisha jiliwa likifuate. Mimi nashikilia kinyume chake. Kipuri kipimwe juu ya jiliwa lenyewe, na kiwe laini kuliko sehemu kinayogusana nayo, ili siku ya kupinda au kulika ikifika, kiumie kipuri unachoweza kukitengeneza tena kwa saa mbili, wala si skrubu au taya ambalo hutalipata dukani.

Vipimo nitakavyotumia ni vya jiliwa lenye mataya ya upana wa milimita 125, yaani inchi 5, lenye mguu wa nyuma wa mraba wa milimita 38. Lako likiwa tofauti, badilisha vipimo lakini usibadilishe mpangilio wa kazi.

## Majina ya sehemu nitakayotumia

Mguu wa nyuma ndio mrefu unaofika sakafuni, na juu yake kuna taya lisilosogea. Mguu wa mbele ni mfupi, nao umeshikwa chini na bolti ya bawaba kati ya mabamba mawili ya pembeni. Skrubu hupita katika mataya yote mawili na kuingia kwenye nati ndefu yenye umbo la bomba, ambayo imechomekwa kutoka nyuma. Springi hukaa kati ya miguu miwili na kulisukuma taya la mbele lifunguke. Pingu ni chuma chenye umbo la U kinachoukumbatia mguu wa nyuma na kuufunga kwenye bamba la benchi.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Usianze na kimoja mkononi huku kingine ukikitafuta, kwa sababu chuma kikishapata moto hakisubiri.

- Bamba moja la springi za nyuma za pikapu, lenye upana wa milimita 60 na unene wa milimita 6 hadi 8. Utalipata kwa wauza vyuma chakavu. Gerezani jijini Dar es Salaam na Kamukunji jijini Nairobi ni mahali pa kuanzia.
- Nondo laini ya mviringo isiyo na mikunjo, ya milimita 20, urefu wa milimita 320 kwa pingu na milimita 380 kwa mpini.
- Engo ya chuma, yaani chuma chenye umbo la L kitakachokuwa bamba la benchi, ya milimita 75 kwa 75, unene wa milimita 8, urefu wa milimita 160.
- Kipande cha bamba la chuma laini la milimita 6, kwa ajili ya kabari mbili na washa mbili.
- Bolti nne za milimita 12 zenye washa pana, za kupita unene wote wa benchi.
- Tanuri lenye mkaa na feni au mivukuto, fuawe, nyundo ya kilo moja, koleo, tindo, sentapanchi, tupa bapa na tupa ya mviringo, msumeno wa chuma na drili.
- Mafuta ya taa, oili ya injini, grisi, brashi ya waya, sumaku, chaki, na ndoo ya majivu makavu.
- Miwani ya kinga, glavu za ngozi na viatu vilivyofunika vidole.

Onyo moja linahusu vyuma vyote hivi: usitie motoni chuma chochote kilichopakwa zinki, kama mabomba ya maji yenye rangi ya fedha. Moshi wa zinki ni sumu, na humpa mtu homa kali usiku huo huo.

## Hatua ya 1: Kagua skrubu na nati kabla ya kitu kingine

Hizi ndizo sehemu mbili ambazo huwezi kuzitengeneza kwa nyundo na tupa. Zikiwa zimekwisha, itakubidi umlipe mkereza vyuma azichonge upya, na gharama hiyo uijue kabla hujapoteza siku tatu kwenye sehemu nyingine.

Shika kichwa cha skrubu, ukisukume mbele na nyuma bila kukizungusha. Mchezo mdogo ni wa kawaida. Kisha fungua skrubu, kama inazunguka, na ulinganishe unene wa jino la katikati na unene wa jino la karibu na ncha, ambalo halikuwahi kufanya kazi sana. Jino la katikati likiwa limelika hadi chini ya nusu ya lile la ncha, skrubu hiyo haifai tena kwa kazi ya nyundo.

Angalia pia kijino kilicho nje ya nati, ambacho huingia kwenye mfereji wa tundu la taya la nyuma. Kazi yake ni kuizuia nati isizunguke pamoja na skrubu. Kikiwa kimevunjika, si hasara kubwa: chonga kwa tupa mfereji mdogo kwenye nati na uingize kipande cha chuma laini mahali pake.

## Hatua ya 2: Kukwamua skrubu iliyoganda

Hapa ndipo majiliwa mengi mazuri yanapouawa. Katika nati nyingi za zamani, meno ya ndani si sehemu ya bomba lenyewe, bali yalitengenezwa peke yake na kushikizwa ndani kwa shaba. Ukiitia nati hiyo kwenye tanuri hadi iwe nyekundu iliyoiva, shaba inaweza kuyeyuka na meno yakateleza. Niliwahi kuletewa nati ya namna hiyo: kwa nje ilikuwa safi kabisa, lakini kwenye mdomo wake kulikuwa na tone la manjano lililoganda kama nta chini ya mshumaa. Nati hiyo haikurudi kazini tena.

Fanya hivi badala yake:

1. Lilaze jiliwa chali, skrubu ikitazama juu na nati ikining'inia chini. Sababu ni kwamba nati nyingi zimezibwa upande wa nyuma, kwa hiyo mafuta yakimiminwa mdomoni hushuka na kubaki humo.
2. Mimina mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kidogo. Ongeza asubuhi na jioni kwa siku tatu.
3. Siku ya nne, mwagia nati maji yanayochemka kutoka nje. Nati hupanuka kabla ya skrubu kupata joto, na utando wa kutu hupasuka. Usitumie moto wa wazi, kwa kuwa mafuta ya taa yaliyomo ndani yatawaka.
4. Gonga ubavu wa nati kwa nyundo ya mbao huku msaidizi akiuzungusha mpini kidogo upande wa kukaza, kisha upande wa kufungua. Robo ya mzunguko ikipatikana, rudi nyuma, ongeza mafuta, endelea.

Usiongeze bomba kwenye mpini ili kupata nguvu zaidi. Skrubu ikikatika shingoni, kazi yote imekwisha.

Umefaulu ikiwa skrubu inatoka yote kwa mkono mmoja. Safisha meno yake kwa brashi ya waya na mafuta ya taa. Ndani ya nati tumia kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, ukirudia hadi kitoke bila uchafu mweusi.

## Hatua ya 3: Kuondoa kutu na rangi

Brashi ya waya na subira vinatosha kwa majiliwa mengi. Rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo usiichome wala usiisage ikiwa kavu. Ilowanishe na kuikwangua, na usiache watoto wacheze mahali ulipofanyia kazi.

Kutu ikiwa nene, umeme hufanya kazi nzuri kuliko mikono. Jaza maji pipa la plastiki na uyeyushe magadi, kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita nne. Unganisha waya hasi wa chaja ya betri ya volti 12 na mguu wa jiliwa, na waya chanya uunge na kipande cha chuma chakavu, bila viwili hivyo kugusana. Chaja za kisasa zinazojizima zisipoona betri hazifai. Tafuta ya zamani. Baada ya usiku mmoja kutu hugeuka tope jeusi linalopanguswa kwa brashi.

Kazi hii ifanyike nje, mbali na moto, kwa sababu hutoa gesi inayolipuka. Zima chaja kabla ya kutia mkono majini. Kipande cha upande chanya kisiwe chuma kisichoshika kutu, na usitie chumvi ya mezani badala ya magadi. Vyote viwili huzalisha sumu. Ukitoa mguu, usuuze, ukaushe hapo hapo na uupake oili, la sivyo kutu mpya huanza kabla hujamaliza chai.

Usisage uso wa mataya kwa grinda. Katika majiliwa mengi ya kufuliwa, uso huo ni kipande chembamba cha chuma kigumu kilichounganishwa na mwili laini, na ukishakimaliza hakuna cha kukirudisha.

## Hatua ya 4: Bolti ya bawaba na unyoofu wa mataya

Funga mataya bila kukaza, utazame kutoka juu. Likitofautiana taya moja na jingine kwa zaidi ya milimita 2 upande wa kushoto au kulia, mara nyingi kosa liko chini kwenye bawaba na si kwenye mataya.

Toa bolti. Ikiwa imelika katikati kama kiuno cha nyigu, weka mpya yenye sehemu laini isiyo na meno inayofika kwenye matundu yote, kwa maana meno ya bolti yakibeba uzito hula tundu kama tupa. Matundu yakiwa yamekuwa mapana, yapanue kidogo yawe ya duara tena na utumie bolti nene zaidi. Nafasi ya pembeni izibe kwa washa nyembamba za bati pande zote mbili za mguu wa mbele.

Ikiwa mguu wenyewe umepinda, unyooshwe ukiwa na moto wa rangi ya chungwa, moto ukielekezwa kwenye mpindo tu na uso wa taya ukiwa mbali na mkaa. Usiupige ukiwa baridi.

Utaona jambo moja linalowasumbua wengi: mataya hayabaki sambamba yakifunguka. Hilo si kosa, kwa kuwa taya la mbele huzunguka kwenye bawaba. Yakifungwa kabisa yanapaswa kugusana kwanza kwenye ukingo wa juu. Ukiyapiga tupa ili yagusane uso wote yakiwa yamefungwa, yatashika kwa chini tu kila utakapoweka kitu chenye unene.

Umefaulu ikiwa vipande viwili vya gazeti, kimoja kila ncha ya mataya, vinashikwa vyote viwili kwa nguvu ileile.

## Hatua ya 5: Springi

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hiki ndicho kipuri kinachokosekana mara nyingi zaidi na kinachotengenezwa vibaya mara nyingi zaidi.

Kwanza tafuta mahali ilipokuwa. Pitisha kidole kwenye uso wa ndani wa mguu wa mbele, utahisi alama iliyosuguliwa ikang'aa au ikaingia ndani kidogo. Hapo ndipo springi ya awali ilisukuma. Katika umbo nitakaloeleza, kichwa cha springi kimeshikwa juu na pingu kwenye mguu wa nyuma, na mkia wake hupinda chini kuusukuma mguu wa mbele. Alama yako ikionyesha mpangilio mwingine, ufuate huo.

Pili, elewa ni kiasi gani springi hii inafanya kazi. Tuseme mkia unasukuma milimita 100 juu ya bolti ya bawaba, na mataya yako milimita 600 juu yake. Taya likifunguka milimita 100, mkia wa springi unasogea kama milimita 17 tu. Ni mwendo mdogo, na kwa mwendo huo chuma cha springi za gari hakihitaji kuzamishwa kwenye maji au mafuta ili kipate ugumu. Wanaoizamisha majini huipata ngumu kama kioo, nayo hukatika pigo la kwanza, wakati mwingine kipande kikiruka.

Kukagua bamba. Springi chakavu huweza kuwa na nyufa usizoziona. Lipake bamba mafuta ya taa, lifute likauke, kisha lisugue kwa chaki. Baada ya dakika chache mafuta yaliyojificha kwenye ufa hutoka na kuchora mstari mweusi. Bamba lenye mstari huo, liache.

Kulainisha. Litie motoni hadi liwe jekundu lote, kisha ulizike kwenye majivu makavu hadi kesho yake. Bila hivyo msumeno wako utapoteza meno.

Kukata. Kata urefu wa milimita 300. Chora umbo kwa chaki: sehemu ya juu milimita 45 iwe na upana wa milimita 38 kama mguu, chini yake acha masikio mawili, moja kila upande, yanayotokeza milimita 11 na yenye kimo cha milimita 25, kutoka hapo upana ushuke taratibu kutoka milimita 38 hadi 30 mkiani. Kona za ndani za masikio zitobolewe kwa drili kabla ya msumeno kufika, kwa maana kona kali ndiko ufa huanzia.

Kufua. Kwenye moto wa rangi ya chungwa, punguza unene wa mkia uwe milimita 4 huku juu ukibaki milimita 6. Kunja masikio yaukumbatie mguu wa nyuma, na ukunje ukingo wa juu kabisa milimita 8 kuelekea mbele uwe kama mdomo. Masikio huizuia springi isihame pembeni, na mdomo hukaa juu ya pingu ili isiteleze chini. Rudisha motoni kila mwekundu unapofifia. Chuma hiki kikipigwa kikiwa kimepoa hupasuka kimyakimya.

Kupinda. Shikilia springi mahali pake na upime: taya likiwa limefunguka kadiri utakavyolifungua siku zote, mkia bado utokeze milimita 10 zaidi ya mguu wa mbele ulipofika. Upinde huo usambazwe urefu mzima, usiwe kona mahali pamoja.

Kupoza. Mwisho itie motoni sawasawa hadi sumaku isishike tena, yaani karibu nyuzi joto 770, iache ipate mwanga kidogo zaidi, kisha itundike kwenye waya ipoe hewani, mahali pasipo na upepo. Usiiweke kwenye sakafu ya saruji baridi.

Umefaulu ikiwa utaikandamiza kwa mkono kwenye benchi mara kumi na ikarudi pale pale. Ikibaki imelala kidogo, iongeze upinde na urudie kupoza.

## Hatua ya 6: Bamba la benchi, pingu na kabari

Wengi hutumia bolti mbili na nati mahali hapa. Hushika siku chache, kisha mtikisiko wa nyundo huzilegeza, na spana haipo karibu. Kabari ikilegea unaigonga mara moja kwa nyundo uliyo nayo mkononi, basi. Kwa hiyo natengeneza kabari.

Engo ikae hivi: uso mmoja umelala juu ya benchi, uso wa pili umesimama ukigusa mgongo wa mguu wa nyuma. Pingu inatoka mbele, inapita juu ya kichwa cha springi chini ya mdomo wake, mikono yake inapenya kwenye matundu mawili ya engo, na kabari zinashuka wima nyuma ya engo kupitia mianya iliyo kwenye mikono hiyo.

Kunja pingu kwanza, toboa baadaye. Andaa kalibu ya chuma, kipande cha kukunjia juu yake, yenye upana wa milimita 39, yaani mguu na milimita moja ya nafasi. Ipashe nondo katikati, uikunje juu ya kalibu ikiwa rangi ya chungwa, na uhakikishe mikono yote miwili iko sambamba kwa rula.

Toboa engo. Umbali kati ya vitovu vya mikono utakuwa milimita 59, kwa kuwa ni 39 ya kalibu na unene wa nondo moja. Lakini usiniamini mimi. Ipime pingu yako. Matundu yawe ya milimita 21, kwenye kimo cha milimita 50 kutoka chini, ili mkia wa kabari upate nafasi kabla ya kugonga uso wa engo uliolala. Kama huna drili ya ukubwa huo, peleka kwa fundi mwenye mashine ya kutobolea. Toboa pia matundu manne ya bolti.

Weka alama ya mianya. Hapa ndipo siri ya kazi hii ilipo, na ndipo wengi huharibu. Vaa pingu kwenye mguu, springi ikiwa ndani na engo nyuma, uvute kila kitu kikaze kwa mkono. Chora mstari kwenye mikono ya pingu mahali inapotokea nyuma ya engo. Mwanya hauanzi kwenye mstari huo. Unaanza milimita 3 ndani zaidi, yaani ndani ya unene wa engo, na kuishia milimita 19 nje ya mstari, jumla milimita 22.

Sababu ni hii: kabari lazima isukume uso wa nyuma wa engo upande mmoja na mwisho wa mwanya upande wa pili. Mwanya ukianza sawa na engo au nje yake, kabari itagota kwenye pingu yenyewe pande zote mbili; utaipiga hadi ipinde na jiliwa litaendelea kucheza.

Fungua mianya. Chonga kwa tupa ubapa mdogo juu ya nondo ili drili isiteleze, toboa matundu matatu ya milimita 6.5 yaliyopangana, kisha uyaunganishe kwa tindo na tupa hadi upana wa milimita 7. Acha milimita 15 za chuma kizima baada ya mwanya, na ziada uikate.

Kata kabari mbili kutoka bamba la milimita 6: urefu milimita 75, upana milimita 22 juu na 16 chini. Mteremko mdogo kama huu hushika wenyewe kwa msuguano. Ukiufanya mkali zaidi, kabari itaruka nje kwa mtikisiko. Upande ulionyooka uegemee engo, na ulioinama uegemee mwisho wa mwanya. Punguza kwa tupa pembe za kichwa ili zisichanue kama uyoga kwa mapigo.

Umefaulu ikiwa kila kabari imekwama karibu na katikati ya urefu wake, na ukiigonga hutoa mlio mkavu, mfupi. Ikishuka hadi kichwani, mwanya ni mrefu mno. Weka kipande cha bati nyuma yake.

## Hatua ya 7: Washa na mpini

Washa ya shingo ya skrubu isiwe bapa. Mguu wa mbele hubadilisha mwinamo kila unapofunguka, na washa bapa hugusa upande mmoja tu na kuipinda skrubu polepole. Kata duara la milimita 50, toboa tundu linalozidi shingo ya skrubu kwa milimita moja, ulipashe moto na ulibonyeze juu ya mdomo wa bomba nene kwa nyundo ya kichwa cha mviringo hadi lipate kina kama cha kisahani. Mgongo wa kisahani uelekee kwenye taya. Tengeneza mbili, moja ya akiba.

Mpini ni nondo laini iliyo nyembamba kuliko tundu la kichwa cha skrubu kwa milimita 1 hadi 2. Nenepesha ncha ya kwanza kwenye fuawe: pasha milimita 25 za mwisho, isimamishe, uigonge kichwani hadi inenepe isiweze kupita. Ingiza mpini, kisha nenepesha ncha ya pili huku kichwa cha skrubu kimefungwa matambara mabichi ili joto lisikifikie. Urefu ukibaki karibu milimita 300 unatosha. Mpini wa chuma kigumu au mrefu mno hukupa nguvu ya kuvunja meno ya nati bila wewe kujua. Huu laini utapinda kwanza, na kuunyoosha ni kazi ya dakika tano.

## Hatua ya 8: Kusimika

Jiliwa hili limeundwa ili pigo la nyundo lishuke kwenye mguu wa nyuma hadi ardhini. Ukiliacha likining'inia kwenye benchi, pigo hilo hubebwa na pingu na bolti, na kazi yako yote ya hatua ya 6 itakuwa bure.

Weka chini ya ncha ya mguu bamba la chuma lenye tundu, lililokaa juu ya jiwe au saruji. Ukilisimika kwenye gogo badala ya benchi, liwe la mti mgumu uliokauka, kama mvule au mninga, limezikwa angalau milimita 600 na kushindiliwa kwa kokoto. Gogo bichi litasinyaa na bolti zitabaki zikicheza. Mataya yafike kimo cha kiwiko chako ukiwa umesimama wima.

## Hatua ya 9: Mafuta, ulinzi na majaribio

Paka grisi ndani ya nati na kwenye washa. Sehemu ya skrubu inayoonekana kati ya mataya ipake oili tu, kwa kuwa grisi hukamata magamba ya chuma yanayodondoka na kuyageuza kuwa msasa. Bora zaidi, kata kipande cha ngozi au bati kilichokunjwa nusu duara na ukiweke juu ya skrubu. Miguu ipake mafuta ya kitani ikiwa na joto kidogo. Matambara uliyotumia kwa mafuta hayo yatandaze nje yakauke, kwa sababu yakirundikwa huweza kuwaka yenyewe.

Sasa jaribu. Kaza mataya, kisha zungusha mpini kufungua: taya la mbele lifuate skrubu lenyewe bila kuvutwa kwa mkono. Likibaki nyuma, kwanza legeza kidogo bolti ya bawaba, maana mara nyingi imekazwa kupita kiasi. Springi iongezewe upinde ikiwa tu bolti si ya kulaumiwa.

Halafu shika nondo ya milimita 12 iliyo nyekundu, uikunje kwa nyundo hadi digrii 90. Sikiliza. Pigo lizame na mlio mzito wa chini. Ukisikia kitu kikilia kama njuga, weka kidole kwenye pingu huku msaidizi akigonga, kisha kwenye nati, kisha kwenye bawaba. Kinachotetemeka chini ya kidole ndicho cha kurudia. Baada ya siku ya kwanza ya kazi gonga kabari zote mbili mara moja moja, na baada ya wiki moja tena. Kuanzia hapo zitakaa.